Watoro wa Chumba cha Chuma

Siku mwanangu alipomleta mchumba wake nyumbani nimwone, nilikuwa napiga pasi, na sikuacha. Nimekuwa matroni wa bweni la wasichana karibu maisha yangu yote ya kazi, na mgeni anayekukuta kazini utamjua haraka kuliko anayekukuta umejipanga sebuleni na sahani ya biskuti. Binti alinisalimia kwa adabu zote. Kisha, badala ya kutazama picha ukutani kama wachumba wengine, akainama akashika waya wa pasi yangu.

"Mama, huu waya umepata moto," akasema.

"Ndiyo pasi, mwanangu. Isipopata moto nguo zitanyooka kwa dua?"

"Pasi ipate moto, sawa. Lakini waya haujatumwa hiyo kazi. Huo ni umeme unaopotea njiani kabla haujafika kwenye nguo."

Nilimtazama mwanangu, naye akatazama viatu vyake. Soda hajaimaliza, tayari anakagua nyaya za watu. Nikajiuliza kama nimeletewa mkwe au fundi wa umeme, na nikanyoosha shati lililobaki.

Walioana, wakahamia kwangu kwa kuwa nyumba ilikuwa kubwa na mimi nilikuwa peke yangu. Ndipo nikajua kwamba ule waya haukuwa utani. Kazi yake ndiyo hiyo. Kuna vitu, alinieleza tukimenya viazi, ambavyo ukivipoza vya kutosha umeme hupita ndani yake bila kukwama popote na bila kupoteza hata chembe. Vingine ni vya baridi, na vingine wenyewe wanaviita vya joto. Yeye alikuwa anashughulika na vya joto. Nikauliza, joto gani? Akasema joto la naitrojeni iliyogeuka maji, ambayo ukiimwaga sakafuni inatokota kwa kugusa saruji tu. Mwanangu ni fundi wa friji na mtaa mzima unamjua kama bingwa wa baridi. Siku ile aliinama akaendelea na viazi vyake. Watu wakishafika mahali pa kuita baridi ya namna ile joto, ujue wamesoma wakapitiliza.

Nilichokielewa upesi ni upangaji. Mkwe wangu alikuwa anatengeneza utando mweusi juu ya kipande cha jiwe angavu kama kioo, kikubwa kama ukucha wa kidole gumba. Utando huo ni atomu zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, shaba mahali pake, bariamu mahali pake, yitriamu mahali pake. Nikamwambia hilo ni bweni. Ni vitanda vya kupandana, kila mtu na kitanda chake, na mmoja akilala pasipo pake hakuna atakayepata usingizi. Alicheka sana, akaenda kulisema hilo kazini. Tangu hapo wenzake wakawa wanamwita Matroni, na mimi niliyeutolea jasho wadhifa huo sikuombwa hata ruhusa.

Na kila bweni lina watoro. Watoro wake yeye walikuwa oksijeni. Utando hujengwa ndani ya chumba kidogo cha chuma, katika moto wa kuuivisha, na kwa moto huo oksijeni hutoroka vitandani. Bila wao ule utando ni jiwe jeusi kama mawe mengine, haupitishi kitu. Kwa hiyo kazi ikiisha unajaza oksijeni chumbani, unapunguza moto polepole sana, ili watoro warudi mmoja mmoja. Ukiwaharakisha, vitanda vinabaki vitupu. Waliosema haraka haraka haina baraka hawakuwahi kuiona oksijeni, lakini walisema kweli.

Mtambo wenyewe nilikuwa nimeuona kupitia kioo cha mlango tu. Ni kama tangi la chuma lililokaa juu ya miguu, limezungushiwa foili, mabomba yanatoka huku na huku, na pampu zinanguruma chini ya meza bila kupumzika. Mwanga wa leza ukipiga kidonge cheusi kilichomo ndani, ulimi wa rangi ya zambarau unaruka kuelekea lile jiwe, na ndani ya ulimi huo ndimo zinamosafiri atomu. Niliomba kuingia nione vizuri. Akaniambia, "Unyevu, mama." Yaani pumzi yangu.

Miaka ya mwanzo kulikuwa na siku moja mita ilipoanguka hadi sifuri. Sifuri ndiyo wanayoihangaikia, maana yake ukinzani umekwisha na umeme unapita bila kizuizi. Wenzake wakaagiza soda. Mwanangu akanipigia simu, nami nikawapigia ndugu wote ninaoongea nao na wawili nisioongea nao. Jioni mkwe wangu akarudi, akavua viatu, akasema, "Waya mmoja ulikuwa umebanduka. Mita haikuona kitu kwa sababu haikushika kitu." Aliyegundua ni yeye mwenyewe, wengine wakiwa wanafungua chupa.

"Si ungewaacha wanywe kwanza," nikamwambia.

"Nimewaacha. Nimewaambia walipomaliza."

Hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Sijawahi kumwambia, na sioni sababu ya kuanza leo.

Tatizo lake halikuwa atomu peke yake. Mtambo ulikuwa mmoja na wachumba walikuwa wawili. Kulikuwa na watu wa vioo, wanaotaka kupaka vioo vya madirisha ili visiingize joto, nao walikuwa wakiumezea mate mtambo ule. Mwamuzi alikuwa mkuu wa taasisi, mtu mwema ambaye kila mtu anamwita Karibuni, kwa sababu hakuna mgeni aliyewahi kupita getini asimtembeze vyumba vyote. Karibuni alimwambia mkwe wangu waziwazi. Wakaguzi wanakuja kabla mvua hazijaisha. Utando ukithibitishwa mbele yao, mtambo unabaki kwake. Usipothibitishwa unakwenda kwa watu wa vioo, na yeye atahamia chumba cha kupimia saruji. Sina ugomvi na saruji, nyumba yangu imesimama juu yake. Lakini mtambo ukishafumuliwa na kuundwa upya kwa ajili ya vioo haurudi tena, na miaka yake yote ya kupanga vitanda ingeishia hapo.

Mvua zilipoanza, utando ukakubali. Safari hii alikagua nyaya kwanza. Akaupasha moto, ukinzani ukarudi. Akaupoza, ukaondoka tena. Aliporudi nyumbani alituambia kwamba sifuri ya kweli ni ile inayoondoka ukiifukuza na kurudi ukiiita, akala sahani mbili, akalala kwenye kochi amekaa.

Asubuhi yake nikajipaka mafuta, nikavaa viatu vyangu vya kutokea.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kuona."

Akanikalisha chini. Akaniambia ili niuone lazima auzamishe kwenye naitrojeni, aweke sumaku ndogo juu yake, nayo sumaku itaelea hewani. Shida ni ukiutoa. Baridi yake inavuta maji kutoka hewani, kama chupa ya soda inavyotoa jasho ukiitoa kwenye friji, na maji hayo yanaula utando na kuzitoa atomu vitandani.

"Kila anayeutazama anaula kidogo," akasema. "Nimeutunza kwa ajili ya wakaguzi."

"Hata mimi mama yako?"

"Hata mimi mwenyewe. Tangu niupime sijautazama."

Nikavua viatu. Nilinuna siku kadhaa, tena hadharani, kwa maana kununa kwa siri ni kujichosha bure.

Aliufungia kwenye chupa yenye chembe za kukausha unyevu, akaiweka kabatini. Funguo zilikuwa mbili, wake na wa Karibuni, kwa sababu ndiyo taratibu ya pale. Siku moja akasafiri kufuata mitungi ya oksijeni. Siku hiyohiyo wakaja wageni.

Karibuni aliwatembeza vyumba vyote, na walipofika kwenye kabati lile moyo ukamshinda. Akauzamisha utando, sumaku ikaelea juu yake, wageni wakapiga makofi. Akarudia kwa ajili ya waliokuwa nyuma. Akarudia tena kwa aliyetaka kupiga picha. Halafu akauacha mezani kwenye kisahani, akawapeleka wageni kunywa chai. Mtu huyu hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alikuwa anajivunia mfanyakazi wake, na alimkaribisha kila mtu kuula utando wake.

Mkwe wangu aliporudi, utando ulikuwa na mabaka ya kijivu. Akaupima. Mita ikashuka kidogo ikagoma, hata haikukaribia sifuri. Mazungumzo yao yaliyofuata nimesimuliwa na wote wawili kwa nyakati tofauti, na kwa kuwa yanafanana, nayaamini.

"Nisamehe, Matroni," Karibuni alisema. "Niliona wanavyoshangaa, nikashindwa kuacha."

"Siku ya ukaguzi inasogezeka?"

"Haisogezeki. Watu wa vioo wameshaagiza vifaa."

"Basi sitaomba siku. Naomba ufunguo wako, na oksijeni isikatike."

Karibuni akahangaika kuutoa ufunguo kwenye pete yake, hadi mkwe wangu akaipokea ile pete akautoa mwenyewe na kumrudishia iliyobaki.

Nyumbani aliyewaka ni mimi. Nilikuwa nimeshajifunga kitambaa niende nikampe Karibuni vidonge vyake, mkwe wangu akanizuia. Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha. Bwenini nilijua mtoto anayelia ameanza kupona. Mwanangu akasema neno la busara, "Si njia unaijua? Tengeneza mwingine kama ule, ufunguo sasa unao peke yako." Nikamuunga mkono.

Mkwe wangu alikoroga chai yake ambayo sukari ilikuwa imeyeyuka zamani.

"Hapana," akasema. "Kitu kinachokufa kwa kutazamwa bado hakijawa kitu. Nitauwekea paa."

"Wakati huu? Wakaguzi wako mlangoni, ndiyo unaanza kuezeka?"

"Mama, bwenini kwako, mtoto aliyekuwa anaugua kila akinyeshewa, ulimfungia ndani mpaka akamaliza shule?"

"Nilimtafutia koti."

"Basi."

Nikakifungua kile kitambaa nilichojifunga, mwanangu akinitazama kwa mshangao.

Paa alikuwa amewahi kulijaribu akaliacha, na sababu yake ni wale wale watoro. Ukiezeka utando ungali kwenye moto wa kujengwa, unafunga mlango watoto wakiwa nje, na oksijeni haitaingia tena. Safari hii aliamua kuwasubiri. Angeupoza utando taratibu hadi kila mtoro arudi kitandani, halafu aupashe tena kidogo tu, moto usiofika wa kuwatorosha, ndipo amwage juu yake tabaka la jiwe lile lile angavu lililo chini. Sakafu na paa vya jiwe moja. Kwa kusema ni rahisi. Akipasha kidogo mno, paa linakaa legelege kama unga uliopepetwa. Akizidisha, watoro wanaondoka.

Wiki zile nyumba yetu iliendeshwa na oksijeni. Mtambo ulipokuwa unapoa hakuna aliyemuuliza atarudi saa ngapi. Mwanangu akashika jiko, na wali wake nao ukawa wa matabaka, la chini limeungua, la kati limeiva, la juu bichi. Tuliula. Mkwe wangu hakuona tofauti, na sidhani kama alijua anakula wali. Nilimwona mara nyingine amesimama mbele ya beseni la vyombo, mikono ndani ya maji, anapanga sahani ubaoni kwa ukubwa, anazitoa, anazipanga upya. Mtu aliyekaza buti namna ile humpi ushauri, unampa nafasi.

Paa likashika. Sifuri ikaja. Badala ya kuufungia, akaanza kuutesa utando wake mwenyewe. Anauzamisha, anautoa, anauacha utoe jasho mezani, anaukausha, anaupima tena. Mwanzoni ulivumilia. Kisha ukinzani ukaanza kurudi, na alipoutazama kwa hadubini akaona kijivu kimeanzia pembeni kinatambaa kuelekea katikati.

"Nimeezeka nyumba isiyo na kuta," alituambia. "Maji yanaingia ubavuni."

Wengine wangekaa chini. Yeye alichukua penseli, akamchorea mumewe fremu ndogo ya bati. Fremu ingefunika kingo za jiwe wakati utando unajengwa, ili utando uwe mdogo kuliko jiwe lenyewe. Kisha mkono wa chuma ulio ndani ya mtambo ungeisogeza kando, na paa lingeshuka pande zote hadi kwenye jiwe, kama kifuniko kinachozidi sufuria. Ni pembe nne tu zingekuwa na madini ya fedha kidogo yanayochungulia, za kushikia nyaya. Mwanangu akakata ile fremu kwa mkasi wake wa kazi na kuisugua kwa tupa. Ya kwanza ilirudishwa kwa sababu haikunyooka. Ya pili ilirudishwa kwa sababu ina alama ya kidole.

"Alama ya kidole?" mwanangu akalalamika kwangu. "Mimi mume wake."

"Wewe ni grisi," nikamwambia. "Vaa glavu."

Utando wa mwisho ulitoka kwenye mtambo mkesha wa ukaguzi. Hakupata nafasi ya kuutesa kama wa kwanza. Aliupima mara moja, sifuri ikaja, akaufunga. Kama maji yangepenya tena ubavuni, yangepenya mbele ya wakaguzi.

Siku yenyewe mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, hewa nzito hata ukuta unatoa jasho. Mimi na mwanangu tulikwenda, tukakaa kwenye benchi la ukumbini, na nilipochoka kukaa nikasimama kwenye kile kioo cha mlango. Hakuna aliyenifukuza.

Mkaguzi mkuu alikuwa mama mmoja mkavu, miwani puani, ambaye sura yake haikusema chochote. Walizamisha utando. Mita ikashuka hadi sifuri. Karibuni alikuwa amesimama mbali, mikono nyuma, vidole vimeshikana kama mtu aliyejifunga mwenyewe. Mkaguzi akanyoosha kidole kwenye nyaya. Mkwe wangu akazibandua zote mbele yake, akampa kibano, akamwachia azibandike mwenyewe. Sifuri tena. Mkaguzi akafunga kalamu.

Mlango ule haufungi vizuri, ndiyo maana niliyasikia yaliyofuata.

"Bado," mkwe wangu akasema. "Naomba uutoe, uuache mezani."

"Mezani? Na hewa hii?"

"Ndiyo. Na madirisha yafunguliwe."

Mwanangu akanishika mkono. Mkwe wangu angeweza kunyamaza, mtambo ukawa wake, na hakuna mtu ambaye angejua. Nilitamani kugonga kioo nimwambie anyamaze, na wakati huohuo ningemzaba kibao kama angenyamaza. Utando ukalala mezani, ukawa mweupe kwa barafu, barafu ikawa matone, matone yakaungana. Mkaguzi alisubiri. Akaukausha, akauzamisha, akasoma mita. Akautoa tena. Waliendelea hivyo hadi mkaguzi mwenyewe akachoka, na kila mara ilikuwa sifuri. Mwisho akavua miwani, akamwambia Karibuni maneno ambayo sikuyasikia. Nilichokiona ni Karibuni kuiachia mikono yake, akaiinua akaficha uso nayo.

Mtambo ulibaki. Watu wa vioo walipewa pole na ahadi, kama kawaida.

Wakaguzi walipotoka, mkwe wangu akaja mlangoni. Macho yalikuwa mekundu, na nikashukuru kuyaona hivyo.

"Mama, ingia."

Nilijitazama. Mwavuli unachuruzika, pindo la gauni limelowa, viatu vyangu vya kutokea vimejaa maji.

"Nimelowa, mwanangu."

"Ingia hivyo hivyo."

Nikaingia. Akauzamisha utando, akachukua sumaku ndogo kama punje kwa kibano, akaiachia. Haikuanguka. Ilikaa hewani juu ya ule weusi, inazunguka polepole, hakuna kilichoishika. Nilipitisha kijikaratasi chini yake kama mtu asiyeamini, na sikuona haya. Kisha akautoa utando, akauweka kwenye kiganja cha glavu yake. Ukawa mweupe. Halafu tone la kwanza likatokeza, likafuatwa na la pili, maji yakaanza kutembea juu yake.

Nilishtuka. Wiki zote zile nilikuwa nimejifunza kuyachukia maji kuliko yeye. Nikachomoa leso yangu haraka nimfutie, naye akanishika mkono kabla haujafika.

"Uache ulowe, mama," akasema.